Pomboo Wawili na Nazi za Kanta

Rehema na Hamisi, nyinyi ndio mliosema niandike. Mlisema jikoni pale yadini, nikiwa nimeshika kipande cha keki ya kuniaga ambacho sikukitaka. "Mzee Jay, andika," alisema Rehema, "tena kwa Kiswahili, wengine wasituchungulie." Basi naandika. Nani alipanda cheo lini, hayo yamo kwenye makabati ya ofisi, na yabaki huko huko. Mimi nitasema habari za mto, kamba, na zile siku nne za barafu ambazo Hamisi huzisimulia vibaya kila anapopata mgeni.

Jina langu kamili ni Jayantilal, mzaliwa wa Mombasa. Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na minne, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nilibaki na dada zangu watatu: Kanta, Hansa, na Nila ambaye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Maneno ya mwisho ya mama kwangu yalikuwa mafupi: "Usiwatawanye." Shule nikaiacha wiki hiyo hiyo, nikaingia kazini kwenye duka la mjomba lililouza vifaa vya meli. Kwa miaka minane nilipima kamba, nikauza lami, nikafunga vifurushi. Halafu ukafika ule wakati ambao Wahindi wenye pasipoti za Uingereza walikuwa wakifunga masanduku kila mtaa, nasi tukafunga yetu. Tulitua London na masanduku manne. Moja lilikuwa na masufuria ya Kanta matupu, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Tulipata vyumba viwili Tottenham, juu ya kinyozi. Kanta, mwenye miaka kumi na saba, akapata kazi kwenye kiwanda cha kushona bitana za makoti. Mimi nikaenda kuomba kazi yadini, kwenye boti za kusafisha mto Thames.

Mkuu wa yadi wakati huo alikuwa Bwana Crowther, mtu mwembamba aliyevaa kofia hata akiwa ndani ya ofisi. Aliniuliza, "Unajua kamba?" Nikasema najua, na ilikuwa kweli. Ningeweza kufumba macho nikakwambia kwa kunusa kama ni katani au ni nazi. "Na bahari?" Nikamjibu kwamba nimekulia mita mia mbili kutoka baharini. Hiyo pia ilikuwa kweli. Akaandika kitu kwenye fomu. Miezi kadhaa baadaye nilikuja kukiona alichoandika: "Baharia." Kuogelea hakuniuliza, na mimi kwa adabu sikumkatiza.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa nahodha wa boti iliyoitwa Doris, mzee mmoja jina lake Wally, aliyezaliwa kando ya mto na aliyeongea nao kama mtu anavyoongea na mke aliyemzoea. Akanirushia kamba, akasema funga boti. Nikaifunga jinsi nilivyojua, kama kifurushi cha kilo mbili za sukari, msalaba mzuri wenye kitanzi cha kupitishia kidole juu. Wally akakitazama kile kifundo changu cha duka kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "unataka kuibeba nyumbani?"

Sikufukuzwa. Alinifundisha vifundo vitatu siku hiyo na vingine vitatu kesho yake, na hakumwambia mtu. Ndiyo maana hata leo nikiona kijana mpya amefunga kitu cha ajabu, kwanza namwuliza alikuwa akifanya kazi gani kabla ya hapa.

Kazi mnaijua: kutoa mtoni kila kinachoelea na hakitakiwi kuelea. Mbao, matairi, magodoro, mbwa, milango. Wakati ule tulitumia kulabu ndefu na wavu, bila winchi. Kanuni za Wally zilikuwa chache. Usiinamie maji kupita kiuno chako. Vuta kitu kwa nyuma yake, si kwa mbele. Chupa ya chai ikae karibu na injini. Na ile ya juu kabisa, aliyoitamka kila asubuhi kama sala: kilichotoka majini hakirudi majini. Hata kiwe kijiti, kikishapanda botini ni chetu mpaka kwenye jaa.

Nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa juujuu. Halmashauri ya mtaa ilikuwa na mwanamke aliyeshughulikia watoto, Bi Hargreaves, mpole, mwenye mkoba mkubwa. Alikuja kwetu akahesabu vitanda, akawatazama Hansa, miaka kumi, na Nila, minane, kisha akaniambia kwa sauti laini kwamba kijana wa miaka ishirini na miwili asiye na kazi ya kudumu hawezi kuachiwa watoto wawili. Nikimletea barua ya ajira ya kudumu majaribio yakiisha, vyema. Nisipoleta, kuna familia nzuri sana, moja Kent na moja Essex.

"Moja na moja?" nikauliza.

"Ni vigumu kupata inayochukua wawili," akasema.

Nikaitafuta Kent kwenye ramani, nikaitafuta Essex. Mto mzima umepita katikati.

Wiki ya mwisho ya majaribio ndiyo iliyoangukiwa na baridi. Si baridi ya kulalamikia kwenye kituo cha basi. Ni baridi ya kukuta maziwa yamesimama nje ya chupa yakiwa yamevaa kifuniko kama kofia. Mahori ya mashariki, yale matawi ya mto yanayoingia nchi kavu, yakaganda kingo, na vipande vya barafu vikawa vinapanda na kushuka na maji ya mto. Jumatatu asubuhi mlinzi wa daraja, mtu asiyekunywa wala kutania, alipiga simu yadini kusema ameona pomboo wawili wakipanda na maji ya kujaa, na hajawaona wakirudi. Hofu yake ilikuwa kwamba wameingia mahali, barafu ikawafungia njia. Maji yakipwa hadi chini kabisa watabaki kwenye matope.

Bwana Crowther akafungua faili. Akapita kwa kidole mpaka kwenye lile neno lake.

"Jay ni baharia wa Bahari ya Hindi," akatangaza. "Jay anawajua pomboo."

Wally akakohoa. Mimi nilikuwa nimeona pomboo mara moja maishani, kutoka kivuko cha Likoni. Mjomba alisema "Pomboo!", nikageuka, nikaona mahali alipokuwa. Lakini zilikuwa zimebaki siku tano kwenye majaribio yangu. Nikasema, "Nitajitahidi, bwana," na nikapewa darubini.

Sasa wenzangu, nataka mjue hili kuhusu kutafuta kitu mtoni: ukishatangaza kwamba unakitafuta, kila mtu anakiona. Redio ilitangaza Jumatatu jioni, na Jumanne simu haikupumzika. Tulikimbilia tairi. Tulikimbilia kigari cha mtoto kilichopinduka. Tulikimbilia kofia nyeusi ya bwana mmoja, naye mwenyewe alikuwa ukingoni akitushangilia akidhani tumemjia yeye.

Lakini ziliingia pia simu za aina nyingine, nyingi, kutoka kwa watu wasiojuana, na zote zilisema jambo moja. Kichwa. Cha mviringo, rangi ya kahawia, kinachungulia juu ya maji, kinazama kidogo, kinachungulia tena. Na zote zilitoka sehemu moja, pale mto Lea unapomwagikia Thames.

"Hao ndio," akasema Crowther kwenye redio ya boti. "Jay, pomboo huchungulia?"

"Sana," nikasema. Mungu anisamehe.

Jumanne nzima na Jumatano nzima Doris alizunguka pale mdomoni mwa Lea akigonga barafu, na mimi nikiwa mbele na darubini, kope zimeshikana kwa baridi. Vichwa tuliviona kweli. Vilichungulia, vikapita chini ya kipande cha barafu, vikapotea. Jumatano alasiri Wally alichoka kungoja maoni ya mtaalamu, akanyoosha kulabu, akavuta kimoja kwa nyuma kama kanuni isemavyo, akakibwaga miguuni pangu.

Ilikuwa nazi.

Nazi kavu, iliyofuliwa vizuri, ikaachiwa kishungi cha nyuzi juu kama tunavyofanya sisi. Ilikuwa na doa jekundu la unga wa sala, na imezungushwa utepe wa njano. Ule utepe niliujua. Ni wa bitana za makoti. Nilikuwa nauona kila jioni umeshika kwenye sketi ya Kanta.

"Hiki nini?" akauliza Wally.

"Nazi," nikasema.

"Inamea wapi?"

"Si hapa."

Wally alinitazama usoni, akatazama nazi, akaitia kwenye sanduku la takataka. Kabla ya kufunga boti tulikuwa tumevua kumi na moja.

Niwaeleze wale wasioijua desturi yetu. Kwa Wahindu wa pwani, ukiwa na jambo zito unampa mungu wa maji nazi, na kishungi chake kisiguswe. Mombasa kuna bahari. Tottenham kuna mto Lea, nyuma ya viwanda.

Nilipanda ngazi za kwetu nikiwa na ile nazi ya kwanza, niliyoichomoa sandukuni, ndani ya koti. Kanta alikuwa jikoni. Sisi nyumbani tulisema Kigujarati mbele ya wageni na Kiswahili wakati wa kugombana, basi nikaanza kwa Kiswahili.

"Kanta, hii ni nini?"

"Nazi, Kaka."

"Najua ni nazi! Umetupa ngapi?"

"Sikutupa. Nimetoa." Akaendelea kukoroga dengu. "Moja kila asubuhi nikienda kazini, tangu uanze majaribio. Ili wakuajiri."

"Kila asubuhi! Miezi mitatu!"

"Jumapili hapana."

"Na wewe peke yako unazo nazi za kujaza Thames?"

Hapo akapunguza sauti kidogo. "Niliwaambia na akina mama tunaoimba nao bhajani za sala. Wakaona ni wazo zuri. Mama Savita anaombea goti. Yule wa ghorofa ya chini anaombea friji. Wengine sijui, mambo ya ndani."

"Kwa hiyo mto mzima una nazi."

"Si mzima. Upande wetu tu."

Nikaketi. Nikamweleza siku mbili za Doris, mafuta yaliyochomwa, na Bwana Crowther ambaye kesho angeuliza zile nazi kumi na moja zimetoka wapi. Nikimwambia kweli, atajua kwamba dada yangu ndiye aliyeivuruga yadi nzima, na hapo barua haipo. Nikinyamaza, tutafukuza nazi mpaka pomboo wafe.

Hansa na Nila walikuwa mezani, wamevaa makoti yao kwa sababu mita ya gesi ilikuwa imekata. Nila akauliza, "Hao pomboo wanasikia baridi kama sisi?"

"Zaidi," nikasema, kwa mazoea ya utaalamu.

"Basi si watakuwa maktaba?"

Hansa akamcheka. Kanta hakucheka. Aliushika mwiko hewani.

"Kaka," akasema, "sisi gesi ikiisha tunakwenda wapi? Tunakaa pale kwenye bomba la moto la maktaba mpaka yule mama apige kengele ya kufunga. Mto hauna mahali pa moto?"

Ulikuwa napo. Ng'ambo kidogo ya mdomo wa Lea kulikuwa na hori, na mwisho wa hori kulikuwa na kiwanda cha umeme kilichomwaga maji yake ya uvuguvugu humo mchana na usiku. Tulipita nje yake kila siku bila kuingia, kwa kuwa mlango wa hori ulikuwa umezibwa na barafu.

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Crowther, nimevua kofia. Usiku nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanipotea.

"Bwana," nikasema, "mimi si baharia. Niliuza kamba. Kuogelea sijui. Na zile nazi ni za dada yangu."

Crowther akaweka kalamu chini.

"Zote?"

"Na za rafiki zake."

"Zimebaki nyingine?"

"Inategemea goti la Mama Savita, bwana."

Sikukusudia mzaha. Ndilo lilikuwa jibu la kweli. Crowther akaivua kofia yake, mara ya kwanza naziona nywele zake, akajipangusa paji. Nikaona afadhali nimalizie: nikamwambia habari za lile hori, na mahali pa moto, na maktaba. Akauliza nani amefikiria hivyo. Nikasema wa miaka minane.

"Leo maji yatapwa kuliko jana, na yanaanza saa nne," akasema. "Usiporudi na habari ya maana, rudisha na buti za yadi."

Doris aliikata ile barafu kwa pua, kidogo mbele, kidogo nyuma, huku Wally akimtukana kwa upendo. Ndani ya hori maji yalikuwa wazi na yanatoa mvuke kama sufuria. Tukazima injini. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu nikasikia nyuma ya sikio langu sauti ya mlango wa basi unapofunguka, pshhh, na nikageuka. Safari hii nilimkuta. Mgongo wa kijivu, pezi, na jicho dogo lililonitazama bila kuvutiwa sana. Kisha wa pili, mwembamba zaidi, ubavu wake umechubuka na barafu.

"Mtaalamu," akanong'ona Wally, "hao vipi? Wana kishungi?"

Shida ilikuwa kuwatoa. Njia tumewafungulia, maji yameanza kuondoka, na matope yalikuwa tayari yanaonekana kandokando. Wao hawakuwa na haraka. Nani angeuacha uvuguvugu ule? Tulisogea, wakasogea wakatuzunguka. Tulitangulia tukidhani watafuata, wakabaki pale pale kwenye bomba la maji ya kiwanda. Mstari wa matope ukapanda kiasi cha kiganja, kisha viganja viwili. Yule mwembamba akawa anapumua haraka haraka.

Nilimfikiria yule mama wa maktaba. Hansa na Nila hawakuondoka kwenye lile bomba la moto kwa kubembelezwa hata siku moja. Waliondoka kwa sababu yeye alikuja kutoka nyuma, na kengele ile mbaya, hatua kwa hatua, akiisukuma sauti mbele yake mpaka mlangoni.

Nikamwambia Wally atuweke nyuma yao, karibu na ukuta wa kiwanda. Nikachukua bomba la chuma, nikalining'iniza majini kwa kamba, nikalifunga kwa kifundo cha duka, msalaba na kitanzi, kwa sababu ndicho kifundo pekee ambacho vidole vyangu vilikikumbuka kwa baridi ile. Nikaligonga kwa spana. Mara tatu, nyamaza. Mara tatu, nyamaza. Tulisogea polepole kama yule mama.

Pomboo wote wawili wakageuka. Wakaenda kidogo, wakasita, wakatazama nyuma kwa lile jicho la mtoto anayeambiwa wakati umekwisha.

"Tunafunga!" nikapiga kelele, kwa Kiswahili, sijui kwa nini. "Haya, nyumbani! Tunafunga!"

Wally naye akashika: "Tunafunga! Tunafunga!" bila kujua anasema nini. Mikono yangu ilichunika kwenye spana na sikuhisi mpaka jioni. Tukawasukuma kwa sauti hori lote, hatua kwa hatua, matope yakitufuata kulia na kushoto, tukawapitisha kwenye ule mlango uliokatwa, na walipoonja mto mpana na mkondo wa maji unaoteremka baharini, hawakuaga. Migongo miwili ilipanda mara tatu, nne, kila mara mbali zaidi. Katikati yao, nathibitisha, ilikuwa inaelea nazi.

Doris aligusa matope mara mbili kabla hatujatoka. Wally alisema ilikuwa mara moja.

Barua ya Bwana Crowther ninayo mpaka leo. Inasema nimeajiriwa kwa kudumu, kwamba ni mkweli kupita mahitaji ya kazi, na kwamba nina uzoefu wa pomboo. Bi Hargreaves aliisoma pale kwetu, mara mbili, miwani juu, miwani chini. Hansa na Nila walikuwa wamekaa kitandani wameshikana mikono, wamevaa viatu, kwa kuwa hawakujua kama watakwenda au watabaki.

"Pomboo?" akasema Bi Hargreaves.

"Ni habari ndefu," nikasema.

Akaiweka barua kwenye mkoba wake mkubwa, akatoa fomu, akatia sahihi, akawaambia wale wawili wavue viatu.

Alipoteremka ngazi, Kanta aligeuka akanitazama akiwa amejishika kiuno. "Unaona? Nazi imefanya kazi."

"Nazi ndizo zilizotaka kunifukuzisha!"

"Zingekuwa hazikufanya kazi, ungekuwa umefukuzwa."

Mabishano hayo yameingia mwaka wake wa arobaini na hayana dalili ya kupona. Tulipatana jambo moja tu: kuanzia hapo, Kanta na wenzake wakitaka kutoa nazi wapige simu yadini kwanza. Ndiyo maana kwenye madaftari ya zamani, Rehema, uliona maneno yaliyokuwa yakikutatiza: "Jumanne, saa mbili, moja, utepe wa njano." Na ndiyo maana ukutani juu ya simu pana ile kanuni yangu ambayo wageni huiona kama kichekesho: kabla hujawasha injini, uliza kama kina kishungi.

Wally alistaafu, akafariki kitandani kwake, jambo lililowashangaza wote. Kifundo cha duka alikiingiza kwenye mafunzo ya yadi bila kusema kilikotoka. Sasa mnakifundishwa wote, na mnadhani ni cha jeshi la majini.

Siku yangu ya mwisho mnaijua, mlikuwapo. Keki ilikuwa haijakatwa, simu ikalia: kichwa, mviringo, kahawia, kinachungulia karibu na gati letu wenyewe. Hamisi aliruka na funguo. Nikamwambia angoje, nitakwenda mimi, kwa kulabu, kwa miguu. Niliivuta kwa nyuma. Ilikuwa na utepe wa njano, ingawa Kanta aliacha kushona bitana miaka mingi iliyopita.

Nikampigia pale pale gatini.

"Mbona hukupiga simu kwanza?"

"Nilitaka ikushtue, Kaka."

"Leo umeniombea nini mimi? Kazi imekwisha."

"Nani kakuombea wewe?" akasema Kanta. "Goti langu."

Nikafunga simu. Nilitazama kama kuna mtu anaangalia, na kwa kuwa nyote mlikuwa kwenye keki, nikavunja ile kanuni ya juu kabisa ya Wally. Niliirudisha majini, taratibu, kishungi juu, na nikasimama mpaka mkondo ulipoichukua.